Mtoto wa sekondari, laini ya mama, na pesa za kubeti

Katika nyumba nyingi za Kenya ambamo mtoto wa sekondari ameshikwa na kubeti, akaunti haina jina lake. Ilifunguliwa kwa laini ya mama, ya nyanya, au ya kaka aliyechukua kitambulisho juzi. Sheria haina utata: Sheria ya Udhibiti wa Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025, kama ile ya 1966 iliyoitangulia, inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, umri ni huohuo. Lakini mtambo wa kampuni hauoni uso wa mtu. Unaona nambari ya simu na pesa iliyotoka kwenye nambari hiyo, na kwenye kumbukumbu zake mchezaji ni mama wa miaka 48 anayeuza mitumba.

Tunaokaa na familia hizi tumeona jambo moja likijirudia kiasi kwamba tunaliweka mbele ya mengine yote. Familia zilizofunga njia ya pesa kwanza, jioni ileile, ndizo zilizopata nafasi ya kuzungumza na mtoto baadaye. Zilizoanza na kiboko, maombi au mshauri huku PIN ikiwa ileile zilirudi palepale baada ya muda mfupi, zikiwa na deni kubwa zaidi na mtoto aliyejua kudanganya vizuri zaidi.

Kamari ya mtoto haianzi na simu. Huanza na sarafu: pata potea karibu na stendi, meza ya pool, au kibanda cha michezo ya video (PS) ambapo anayeshindwa hulipia mchezo wa wote wawili, mpaka siku moja mtu anasema waongeze ishirini juu. Kwingine ni zile mashine za sarafu zinazowekwa dukani, ambazo Tanzania huitwa dubwi, na mtoto aliyetumwa unga anazikuta mbele yake. Kisha mtoto anaanza kutumwa. Baba au mjomba yuko kazini, anamwambia kijana, "Niwekee hii." Kijana anajifunza paybill, yaani nambari ya kuilipa kampuni kwa M-Pesa, anajifunza PIN, anajifunza kusoma odi, yaani dau litalipa mara ngapi likishinda, na hakuna mtu mzima nyumbani anayeona kwamba mtoto anafundishwa. Baadaye anaweka dau lake mwenyewe, shilingi 20, na hapo linampata jambo litakalomgharimu kuliko hasara yoyote: anashinda.

Ushindi wa mapema hukaa kichwani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia haraka, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, ilhali mfumo wa zawadi unaoendeshwa na dopamini tayari una nguvu zote. Zawadi isiyotabirika humsisimua mtu kuliko ya uhakika. Na kukosa kwa kidogo, mechi tisa zimeingia na ya kumi imeharibiwa na bao la dakika ya 90, mwili wa kijana hauhisi kama kushindwa. Unahisi kama kukaribia. Ndiyo maana anayekosa mechi moja huwa na haraka ya kuweka tena kuliko aliyekosa zote.

Inafaa mzazi aelewe hesabu yenyewe, kwa sababu mtoto ataileta mezani na mzazi asiyeijua atashindwa hoja mara moja. Chukua multibeti ya timu kumi, tiketi moja ambayo lazima timu zote zishinde, na ambayo Watanzania huiita mkeka. Tuseme kila timu aliyochagua ina uwezekano wa asilimia 70 wa kushinda, yaani ni timu nzuri kweli. Zote kumi kuingia pamoja ni 0.7 ikizidishwa mara kumi: karibu mara 3 kwa kila tiketi 100. Juu ya hapo kampuni hukata sehemu yake ndani ya kila odi. Ikikata asilimia 5 tu kwa kila mechi, tiketi ya mechi kumi imepoteza karibu asilimia 40 ya thamani yake kabla mpira haujapigwa. Ndiyo sababu matangazo husifu tiketi ndefu na bonasi huongezeka kadiri unavyoongeza timu.

Wazazi wengi, hasa akina baba, hudhani tatizo ni mpira. Siku hizi mara nyingi sivyo. Ni ile ndege. Katika Aviator, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Spribe, kizidisho cha dau kinapanda kutoka 1 na mchezaji anatakiwa kutoa pesa kabla ndege haijatoweka. Kiwango kinachotangazwa cha kurudishia wachezaji ni asilimia 97, na vijana huisoma kama habari njema. Maana yake ni kwamba kila dau la shilingi 10 linaacha nyuma senti 30 kwa wastani, na uwezekano wa ndege kufika kizidisho cha 2 ni takriban asilimia 48, si nusu kwa nusu. Ubaya uko kwenye kasi. Raundi nyingi huisha kwa sekunde chache, hivyo kwa saa moja kijana anaweza kuweka dau zaidi ya mara 100. Mara 100 za shilingi 10 ni shilingi 1,000 zilizozungushwa, na hasara ya wastani ni 30, kutoka kwa mtoto aliyeanza na shilingi 100. Akicheza kwa muda wa saa tatu usiku huo, karibu zote zimekwisha. Wala hakuanza na 100 kamili: tangu Julai 2025 Kenya hukata ushuru wa asilimia 5 pesa inapowekwa, na asilimia 5 nyingine inapotolewa.

Kuna programu na vituo vya Telegram vinavyodai kutabiri ndege itaanguka wapi. Hakuna kinachoweza. Matokeo ya kila raundi hutokana na namba za siri zinazochanganywa na seva na wachezaji wa kwanza wa raundi hiyo, na simu ya mtu mwingine haizioni. Anayeuza utabiri hupata pesa kwa njia mbili: ada ya kujiunga, na kamisheni ya kiungo anachomtumia mtoto ajisajili nacho. Walio kwenye biashara ya "mechi zilizopangwa" hufanya vivyo hivyo. Hutuma utabiri tofauti kwa makundi tofauti, kisha hulirudia kundi ambalo kwalo utabiri ulitimia na kulitoza. Ukimwonyesha kijana hila hii kwa utulivu, mara nyingi hukasirika, na hasira hiyo ina faida kuliko saa nzima ya mawaidha.

Sasa mwili. Pesa huchelewa kuonekana. Usingizi huonekana mapema. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Mechi kuu za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa 4 usiku kwa saa zetu, na majira ya baridi ya kule saa 5, hivyo huisha karibu saa 6 au saa 7. Baada ya hapo kuna ligi za Amerika Kusini, na mpira wa kompyuta unaochezwa kila baada ya dakika chache, saa 24. Mtoto anayeamka na macho mekundu, anayesinzia kipindi cha kwanza na kuchangamka jioni, anayeingia chooni na simu na kukaa, huyo anastahili kuangaliwa usingizi wake kabla ya alama zake. Wazazi hukimbilia kuuliza kuhusu bangi. Waulize pia kuhusu simu.

Usingizi ukiisha, vingine hufuata. Pwani, vijana hutafuna majani ya muguka ili wakae macho. Mijini ni vinywaji vya kuongeza nguvu. Chakula cha mchana hugeuka dau, kwa hiyo anarudi nyumbani akiwa na njaa ambayo haina maelezo. Kichwa kinauma, tumbo linasokota siku za mechi, hasira inapanda na kushuka kulingana na matokeo ambayo wewe huyaoni. Uchunguzi wa nchi nyingi umekuta kamari ya vijana ikiandamana na pombe, sigara, msongo wa mawazo na mfadhaiko, na uhusiano huo huenda pande zote mbili: mwenye huzuni hucheza ili asahau, na anayecheza huongeza huzuni. Ukikuta kimoja, tafuta na vingine.

Ukubwa wa hatari hii umepimwa. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet Public Health lilikadiria kwamba karibu asilimia 17.9 ya vijana walio chini ya umri wa utu uzima duniani walicheza kamari katika mwaka uliotangulia. Miongoni mwa wale wanaocheza kasino na sloti za mtandaoni, takriban asilimia 26.4 huenda wana ugonjwa wa kamari. Kwa wanaobeti michezo ni asilimia 16.3. Kwa watu wazima wa kundi hilo la pili ni asilimia 8.9. Dau lilelile, mchezo uleule, na mtoto anadhurika karibu mara mbili ya mtu mzima.

Mzazi hugundua kwa njia chache: karo iliyopungua, simu ya mwalimu, au ujumbe asioutambua wa Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Kosa linalotokea papo hapo ni kelele. Mtoto aliyepigiwa kelele kabla mzazi hajajua lolote hukiri kiasi kidogo, hufuta alichoweza, na kesho huhamia kwenye laini ya rafiki. Kaa kimya jioni moja. Chukua simu yako na uombe taarifa ya M-Pesa: bonyeza *334#, ingia akaunti yangu, uchague taarifa na kipindi kirefu kuliko vyote unavyopewa. Itatumwa kwa barua pepe, na nambari ya kuifungua itakuja kwa ujumbe mfupi. Mtoto anaweza kufuta ujumbe wote kwenye simu, lakini taarifa hii hawezi kuifuta.

Isome ukiwa na kalamu. Unatafuta kiasi kidogo kinachorudiwa, 20, 49, 50, 99, kwenda paybill moja, mara nyingi kati ya saa 3 usiku na alfajiri. Unatafuta pesa inayoingia kutoka kampuni hiyohiyo kisha kutoka tena ndani ya dakika chache, kwa kuwa huko ndiko kufukuzia hasara, yaani kucheza tena ili kurudisha zilizopotea. Unatafuta mikopo: Fuliza, ambayo hutoza asilimia 1 ya kiasi na ada ya kila siku, na M-Shwari, mkopo mwingine wa M-Pesa, uliochukuliwa siku ambayo hukukopa. Jumlisha zilizokwenda, toa zilizorudi, andika jumla. Jiandae, maana jumla huwa kubwa kuliko ulivyowaza, na wazazi wengi hulia hapo. Kisha bonyeza *106#, ambayo Kenya na Tanzania huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Si mara moja tumeona mzazi akikuta laini asiyoijua. Kataa yoyote usiyoitambua.

Usiku huohuo badilisha PIN. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala tarakimu za mwisho za simu, wala mwaka wa kuzaliwa wa mtoto mwenyewe. Hizo ndizo atakazojaribu kwanza. Badilisha na ya nyanya, kwa sababu mjukuu ndiye humtolea pesa na PIN yake anaijua kwa moyo. Nyanya hupenda kukataa. Mweleze kwa heshima kwamba humwondoi mjukuu kwenye mapenzi yake, unaondoa nambari tu, na umtafutie mtu mzima mmoja wa kumsaidia kutoa. Jitoe kwenye Fuliza kupitia menyu yake baada ya kulipa kilichobaki. Bonyeza *456*9*5# kuzima jumbe za matangazo kwenye laini ya Safaricom, kwa kuwa ujumbe wa "umepewa beti ya bure" huja saa ileile mtoto anapojitahidi kuacha.

Kufuta programu kwenye simu hakufungi akaunti. Akaunti imefungwa na nambari, na mtoto ataifungua kwenye simu yoyote. Ingia nayo akiwepo, toa salio lote lirudi kwenye laini yako, kisha iandikie kampuni ukitaja nambari, ukisema aliyeitumia ni mtoto wa chini ya miaka 18, na ukitaka ifungwe moja kwa moja na nambari isikubaliwe tena. Hifadhi nakala. Ukinyamaziwa, nakala hiyohiyo ipeleke kwa mdhibiti wa kamari wa serikali. Wazazi wengine huogopa kwamba wataonekana wao ndio waliovunja sheria. Barua fupi yenye ukweli inawalinda kuliko kimya.

Simu yenyewe ina kazi yake. Zima ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, kwa sababu faili nyingi za kubeti hupakuliwa nje ya duka rasmi. Family Link ya Google ni bure. Inakupa nafasi ya kuidhinisha kila programu na kuzima simu saa 3 usiku. BetBlocker nayo ni bure, huzuia tovuti za kamari na ina mpangilio wa wazazi. Kampuni za kwetu hubadilisha anwani, kwa hiyo jaribu wewe mwenyewe zile unazoziona kwenye taarifa ya M-Pesa na uongeze kwa mkono zinazopita.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Mzazi hunyang'anya simu na kumnunulia kabambe, simu ndogo ya vitufe, akidhani amemaliza kazi. Kampuni nyingi hupokea beti kwa ujumbe mfupi na kwa nambari za nyota. Kabambe yenye laini ya M-Pesa inabeti vizuri kabisa, na haina kizuizi chochote cha kuwekewa. Kama unampa kabambe, iwe na laini isiyo na M-Pesa. Kenya kuna M-PESA Go, ya watoto wa miaka 10 hadi 17 inayofunguliwa chini ya mzazi, nayo ni afadhali kuliko kumwachia laini yako.

Ndipo mazungumzo. Yafanyeni mchana, akiwa ameshiba, mtu mzima mmoja au wawili, si baraza la ukoo. Swali la kwanza ambalo kila mzazi hulitaka ni "Umepoteza ngapi?" na ndilo swali ambalo mtoto hulijibu kwa uongo. Tumeona likifanya kazi vizuri hili: "Mwanangu, ile mara uliyoshinda sana, ilikuwaje?" Atasimulia. Uso utabadilika, mikono itaanza kuonyesha. Msikilize mpaka mwisho, kisha muulize pesa ile ilikaa siku ngapi. Kutoka hapo huwa anayafikisha mwenyewe madeni. Weka taarifa uliyoipigia hesabu mezani baadaye, baada ya kusikia yake.

Madeni ya mtoto hayaonekani kwenye taarifa yoyote. Shuleni hukopeshana 100 kurudisha 150 wiki ijayo, na anayedai ni mvulana wa kidato cha juu, mpishi, au mwenye kibanda. Daftari la hesabu limeuzwa, kikokotoo kimewekwa rehani, sweta "imepotea". Andikeni kila jina na kiasi kwenye karatasi moja. Lipa wewe, uso kwa uso, kiasi kilichokopwa bila riba ya kitoto, na usimpe mtoto pesa akalipe. Hilo la mwisho ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote tuliyoyaona, kwa kuwa kijana mwenye deni la 2,000 na noti ya 2,000 mkononi anaona njia ya kulipa na kubaki na ziada. Mpe kazi ya kurudisha sehemu: kuchota maji, kuosha pikipiki, kupanga bidhaa dukani. Kiasi kiwe cha kumalizika ndani ya miezi michache. Deni la miaka humrudisha kwenye dau.

Kuhusu kiboko tuseme wazi. Tumekutana na vijana waliopigwa vibaya, na hakuna aliyeacha kwa ajili hiyo. Kipigo huongeza aibu, na aibu ndiyo hisia anayokimbia anapofungua mchezo saa 7 usiku.

Wiki mbili za kwanza ni ngumu kwa wote. Atakuwa mkali, hatalala vizuri, atasema hakuna raha duniani, ataomba "mara moja tu nirudishe zilizopotea". Si ukaidi mtupu. Mwili uliozoea msisimko unadai haki yake. Jaza zile saa ambazo alikuwa akicheza, hasa Jumamosi na Jumapili jioni, kwa jambo la kutumia mwili: mpira wa kucheza mwenyewe, shamba, mazoezi. Kutazama mechi kuahirishwe kwanza.

Kipindi hicho pia ndicho cha hatari kubwa. Kijana aliyetumia karo au pesa ya chama cha akiba cha mama yake anaweza kuona hakuna pa kutokea. Akisema afadhali asingekuwepo, akigawa vitu vyake, akinyamaza ghafla baada ya siku za vurugu, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandishi wazo hilo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitua. Dawa za shamba na vidonge vya nyumbani vifungiwe mbali, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Familia zilikuwa zikiogopa kwa sababu Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mpeleke. Nambari 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto, Kenya na Tanzania pia.

Si kila mtoto aliyebeti ni mgonjwa. Daktari ana vigezo. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la 2013, una dalili tisa, na nne ndani ya miezi 12 zinatosha: kuongeza dau ili kupata msisimko uleule, kukosa utulivu akijaribu kuacha, majaribio ya kuacha yaliyoshindikana, kuwaza kamari muda mwingi, kucheza akiwa na huzuni, kufukuzia hasara, kudanganya, kuhatarisha masomo au uhusiano, na kutegemea wengine wamwokoe kifedha. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani nao unautambua ugonjwa huu. Ukihesabu nne au zaidi, usingoje ajirekebishe.

Nenda kwanza hospitali ya umma yenye kliniki ya afya ya akili. Hospitali kubwa ya rufaa ni Mathari jijini Nairobi, na kwa Tanzania Muhimbili au Mirembe ya Dodoma. Ushauri wa kibinafsi hugharimu maelfu ya shilingi kwa kikao, na familia iliyokwisha kupoteza karo haiwezi kuuendeleza. Ni heri mpango wa bei nafuu unaomalizika kuliko wa ghali unaokatika baada ya vikao viwili. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile ya mazungumzo inayofundisha kutambua mawazo potofu ("nikikosa mara tano ya sita lazima iingie") na kupanga la kufanya hamu inapokuja. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahsusi kwa kamari, ila daktari akikuta mfadhaiko au tatizo la umakini atalitibu, na hilo husaidia sana. Mwambie kuhusu usingizi, muguka na pombe bila kuficha. Peleka na taarifa ya M-Pesa.

Shule nyingi zikigundua humfukuza mtoto kwa wiki mbili. Tunaelewa hasira ya mwalimu mkuu, lakini wiki mbili nyumbani, wazazi wakiwa kazini, ni wiki mbili za kubeti. Mzazi aende amwone naibu mwalimu mkuu kabla barua haijaandikwa, aeleze alichokwisha kufanya, na aombe mambo matatu: mtoto abaki darasani, pesa ya matumizi iwekwe kwa mwalimu wa bweni na itolewe kidogokidogo, na shule iangalie ni mtu mzima gani anayewawekea wanafunzi beti. Karibu kila shule ya bweni ambayo simu zimekatazwa na kubeti kunaendelea ina mtu wa namna hiyo, mara nyingi mfanyakazi, anayepokea pesa taslimu na kukata kamisheni. Asipoondolewa yeye, anayefukuzwa leo atafuatwa na mwingine.

Kurudia hutokea. Hutokea zaidi Agosti ligi za Ulaya zinapofunguliwa, likizo ya Novemba na Desemba, wakati wa Kombe la Dunia au la Afrika, na siku mtoto anapopewa pesa ya sikukuu na shangazi asiyejua. Waambie ndugu mapema: zawadi iwe viatu, iwe kitabu, isiwe pesa kwa simu. Akirudia, fanyeni tena yaleyale, taarifa, PIN, orodha ya madeni, bila kuanza upya lawama. Mzazi aombe taarifa ya M-Pesa kila mwisho wa mwezi kwa mwaka mzima na mtoto ajue inaombwa.

Na baba anayebeti? Ikiwa mkeka wako unasomwa sebuleni kila Jumamosi, huwezi kumtaka wa miaka 15 aache. Hatujaona nyumba ambamo mtoto alitoka huku mzazi akiendelea mbele yake. Acheni pamoja, au angalau iondoke kabisa nyumbani.

Pesa hurudishwa mkononi mwake polepole. Baada ya miezi mitatu hivi bila dau, nauli ya siku moja moja, kisha ya wiki, kisha kununua vitu vya nyumbani na kuleta risiti. Akipoteza risiti mnarudi hatua moja bila kelele. Linalobaki ni siku ya kutimiza miaka 18, ambayo wazazi huisahau kwa sababu mambo yametulia. Akishapata kitambulisho atakuwa na laini yake, kikomo chake cha mkopo, na kila kampuni itamkaribisha kihalali. Kaeni naye miezi miwili kabla. Asajili laini mkiwa pamoja, ajitoe kwenye Fuliza siku hiyohiyo, na kwenye BetBlocker achague mwenyewe muda wa kufungiwa, ambao huweza kufika miaka 5. Achague yeye, kwa kidole chake, na wewe usimshinikize achukue mrefu. Wengi huchukua mwaka mmoja, kisha huongeza.